Kalamu Niliyoificha Kwenye Soksi

Jumanne, wakati wa palizi. Mvua ilianza saa nane mchana, ikapiga mabati mpaka redio haisikiki.

Mwanangu Nekesa, kesho unaenda Kitale kuwatafuta wazee wetu kwenye madaftari ya zamani. Sijui kama mtu wa darasa la saba anafaa kumshauri mtu wa chuo. Lakini kuna siku moja ambayo mimi naikumbuka na wewe kesho utaikuta, kwa hivyo afadhali uisikie kwangu kwanza.

Nilikuwa kijana, nachumbia kukhu, nyanya yako. Baba yake alipenda kusema kwamba babu yake alikuwa chifu, kisha ananiuliza pole pole, "Na wenu?" Kwetu hapa Tongaren ilisemekana babu yangu alikuwa nyapara kwenye shamba la mzungu karibu na Kitale. Nikaenda chumba cha kumbukumbu cha serikali nipate ushahidi.

Mtunzaji wa pale, Mzee Simiyu, alikuwa mtu wa maneno machache. Alinichukulia kalamu mlangoni, akanipa penseli, maana mle ndani wino haukuruhusiwa. Hakujua nina nyingine kwenye soksi. Sikuiweka huko kwa ubaya; kwenye gari za siku hizo, kalamu ya mfukoni haikufika na mwenyewe.

Akanifungulia daftari la wafanyakazi wa shamba lile. Nikaliona jina la babu. Mbele yake imeandikwa: mpishi.

Mwanangu, nilitoka jasho. Enzi hizo mwanamume kusogelea mafiga ilikuwa aibu, sasa babu mzima avae aproni? Mzee Simiyu akatoka kidogo kumfungulia mtu mlango. Hakuzembea, lazima niseme hivyo. Nikachomoa kalamu, nikakata "mpishi" mpaka lisisomeke, nikaandika "nyapara". Nyapara wa kweli hakuwepo wa kunipinga. Ukurasa wake ulikuwa umeliwa na mchwa. Wahenga walisema akili nyingi huondoa maarifa. Mimi hata hizo nyingi sikuwa nazo.

Harusi ikapita salama. Mwaka haujaisha, akaja hapa mama mmoja mzee kutoka Kachibora na ndugu zake wawili. Wakakataa chai. Mtu akikataa chai yako, jua ana neno. Mama akaeleza kwamba nyapara wa shamba lile alimchapa baba yao viboko mpaka akachechemea maisha yake yote. Sasa walitaka kumpa mjukuu jina lake, na kwao mtoto hapewi jina la mtu aliyeumizwa kabla watu wa aliyemuumiza hawajaomba msamaha. Walikuwa wameenda Kitale, wakasoma daftari, wakanipata mimi.

Nikaomba msamaha. Ungefanya nini? Nikapiga magoti kwa ajili ya viboko ambavyo babu hakumchapa mtu.

Mama akaridhika, akavuta kikombe cha chai. Kisha akauliza, "Na yule mpishi, watu wake unawajua? Alikuwa anamfichia baba mkate kwenye ndoo ya majivu. Mama alituachia neno, tukiwapata tuwashukuru. Lakini kwa daftari hakuna mpishi, bana. Tumetafuta."

Nikaweka kikombe changu chini. Lawama niliyojiandikia ilikuwa imenifikia, na shukrani iliyokuwa yetu ilikuwa inazunguka bila pa kufikia. Nikasema kweli yote.

Wale ndugu wawili walinitazama vibaya, na walikuwa na haki. Mama alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. "Ati umempandisha babu cheo mpaka akawa adui yetu," akasema. "Nenda ukamrudishe jikoni."

Nikarudi Kitale. Nilidhani Mzee Simiyu atafuta tu yaishe. Alinipa karatasi na penseli, akaniambia niandike nilichofanya, na jina langu kamili, akaiweka kwenye ukurasa ule ule. "Ukifuta utakuwa umeharibu mara mbili," akasema. "Uongo wako nao sasa ni kumbukumbu. Tutautunza vizuri."

Ndiyo hiyo karatasi utakayoikuta. Majuto ni mjukuu, na wangu yuko chumba cha pili anapanga begi.

Basi, mwanangu, kalamu iache nyumbani, hata ya kwenye soksi. Nawa mikono ikauke kabla ya kushika. Usilambe kidole ukifunua. Ukikuta neno la kukuaibisha, lichukue lilivyo, ulie au ucheke, lakini uliache pale pale. Karatasi hizo si zetu peke yetu. Kuna mtu wa Kachibora ambaye bado hajafika, na huenda anakuja kutafuta wa kumshukuru.

Mungu akuonyeshe kurasa ambazo mchwa hawakuzifikia, na akupe moyo wa kuwapenda utakaowakuta humo, jinsi walivyo.

Jioni tumekula ugali wa wimbi na mrenda. Nimepika mimi. Magadi yalizidi kidogo, na liandikwe hivyo hivyo.