Miti ya Mama, Skuli ya Wanangu

Walisema sitaweza. Walisema nikiwa nimekaa nao, hawakuningojea niondoke. Aliyeanza ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu wa Chokocho mwenye ngarawa mbili na maneno mengi. Alisema mtoto wa mchuma karafuu aliyekuja kutoka bara, hata akipata diploma, kazi yake ni kutengeneza friji za watu, si kupeleka watoto kwenye skuli wanayosoma watoto wa mabalozi. Mwenye duka mmoja wa Wete, aliyenunua karafuu za baba yangu miaka yote kwa bei aliyoitaka yeye, akaongeza kwamba nitawalipia muhula mmoja, kisha nitakwenda kuwachukua kwa aibu. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, nikamaliza kahawa yangu, na wiki ileile nikawakopa wote wawili.

Nilijua ninachokifanya. Ukikopa kwa anayekuamini, ukichelewa atakuhurumia. Ukikopa kwa anayekudharau, hulali.

Baba yangu hakujua kusoma. Alikuja Pemba kijana kuchuma karafuu kwenye mashamba ya watu, na baada ya Mapinduzi akapewa eka tatu kule Kiuyu, zenye miti ambayo mikono yake ilikwisha kuizoea. Alipokufa, shamba lilibaki mikononi mwa mama. Mimi nilisomea majokofu na viyoyozi Mombasa. Mchana nilibeba mabonge ya barafu sokoni, jioni nikaingia darasani na mabega yaliyolowa. Hakuna aliyeninunulia hata kalamu, na diploma yangu haina mjomba ndani yake. Kisha nikaenda Maskati nikiwa fundi wa kushika spana, nikaondoka huko nikiwa nasimamia mafundi. Niliporudi Pemba nilijenga kiwanda cha barafu karibu na Gombani. Wavuvi waliozoea kuuza samaki kwa bei ya kutupa kabla ya alasiri wakaanza kulala na samaki wao mpaka kesho. Hayo niliyafanya mimi, na yeyote anaweza kwenda kuuliza.

Nilikuwa na watoto wawili. Binti yangu tulimwacha kwa mama alipoacha ziwa, maana mke wangu alinifuata Maskati na nyumba niliyopanga ilikuwa chumba kimoja. Mdogo wake wa kiume alizaliwa hukohuko. Tuliporejea, binti alikuwa msichana mkubwa, mtoto wa bibi yake kwa kila kitu. Alihitimu Kurani mapema kuliko wenzake wa chuoni, alijua kuchambua karafuu na vikonyo bila kutazama mikono yake, na mkubwa akizungumza naye, aliinamisha macho na kungoja kwanza, ndipo akajibu kwa sauti ndogo. Kwetu hiyo ndiyo adabu. Wanawake wa Kiuyu walimtolea mfano kwa mabinti zao.

Skuli niliitafuta mwenyewe. Wazazi wengine hutazama bwawa la kuogelea na picha za watoto wanaocheka. Kule Dar es Salaam nilipotembezwa, niliomba kuoneshwa chumba cha baridi cha jikoni. Mwenyeji wangu alishangaa, lakini alinipeleka. Nikapitisha kidole kwenye mpira wa mlango. Ulikuwa mweusi kwa ukungu na umepasuka pembeni. Kama nyama wanayokula watoto inalindwa na mpira ule, sikuona sababu ya kuuliza habari za maktaba. Skuli ya pili ilikuwa Unguja, nje kidogo ya mji, nayo ilikuwa na dahalia, wanafunzi wakilala hukohuko. Mpira wa mlango ulikuwa laini na safi, na mpishi alijua baridi ya chumba chake bila kwenda kutazama. Nikasema wanangu watasoma hapa.

Ada ilikuwa kubwa kuliko nilivyowahi kulipa kwa kitu chochote kisichokuwa mashine. Shemeji alinikopesha fungu moja. Mwenye duka alinipa fungu kubwa zaidi kwa sharti la kukodi mavuno ya miti ya mama kwa misimu kadhaa, mpaka nitakapomaliza kulipa. Nilikwenda Kiuyu kumwomba mama. Alikuwa akianika muhogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akapangusa mikono.

"Miti nakupa," alisema. "Lakini nakupa kwa wote wawili. Ukimpeleka mmoja ukamwacha mmoja, utakuwa umenidhulumu mie na yeye."

Nikamwahidi.

Siku ya mtihani wa kuingia, kila mtoto aliitwa peke yake mbele ya mwalimu wa kigeni, na sisi wazazi tukakaa nyuma. Mwanangu wa kiume aliingia kama mwenye nyumba. Alipanda kiti, akamtazama mwalimu usoni, akamsimulia ndege, lifti na duka kubwa la Maskati. Binti yangu aliingia akaenda moja kwa moja kumbusu mwalimu mkono. Mwalimu akashtuka, akauvuta mkono wake. Binti akakaa pembeni ya kiti, macho chini. Kila alipoulizwa alinyamaza kwanza, kama alivyofunzwa, na kabla hajajibu mwalimu alikwisha kuhamia swali jingine. Mvulana alikubaliwa. Msichana, tuliambiwa kwa upole, hajawa tayari. Labda mwakani.

Shemeji alitungoja bandarini Mkoani. "Mbona umepeleka nusu ya mzigo, yakhe?" aliniuliza. "Au boti ilijaa?"

Nilimpita. Nilimtoa binti kwa bibi yake, nikamleta nyumbani Gombani, nikamtafutia mwalimu wa Kiingereza. Kazi ya macho niliifanya mwenyewe. Kila jioni baada ya kusali magharibi nilimweka kwenye kiti mbele yangu na kumwambia aniangalie. Mwanzoni hakuweza. Kidevu kilishuka chenyewe, nami nikakiinua kwa kidole. Alilia bila sauti. Mke wangu alikuwa akiondoka pale na kwenda kukaa jikoni. Nilimwambia binti kwamba huko duniani anayetazama chini huchukuliwa kuwa mjinga au mwizi, na mimi nimekaa duniani, nimeyaona. Miezi ikapita. Machozi yakakoma, na kidevu kikabaki juu chenyewe.

Mama alikuja siku moja akatukuta. Aliketi akatazama mpaka nilipomaliza. "Haya ya mtoto si kanga, mwanangu," aliniambia baadaye, "kwamba utaivua leo na kesho uitake, uivae."

Mwaka wa pili binti alimtazama mwalimu yuleyule bila kupepesa. Alijibu kila alichoulizwa. Mwisho mwalimu akamuuliza kama kuna mtu angependa kuja naye skuli, na binti akasema, kwa Kiingereza kisichokuwa na kosa, "Bibi yangu." Mwalimu alicheka, akanigeukia na kusema sasa yuko tayari. Nilipanda boti siku ile nikiwa nimetimiza ahadi. Wanangu wote wawili walikuwa dahalia, na hakuna mtoto mwingine wa Kiuyu aliyewahi kufika pale.

Kisha ukaja mwaka ambao mikarafuu ilizaa mpaka matawi yakaelemewa. Pemba nzima ilinukia. Kila uwanja ulitandikwa majamvi, na wachumaji walikosekana hata kwa malipo mazuri. Shemeji alikuja kiwandani kununua barafu, akalipa, lakini hakuondoka.

"Mama yako anafukuzwa chini ya miti yake," alisema. Safari hii hakutania.

Kumbe mama alikuwa akienda shambani asubuhi kuokota karafuu zilizopukutika, kama wanavyookota bibi wote wa kule, za kumpatia sukari na sabuni. Mlinzi wa mwenye duka alimwambia, "Bibi, miti si yako msimu huu." Alimwambia mara ya kwanza kwa heshima, mara ya pili akamwaga pakacha lake. Nilikwenda Wete jioni ileile. Mwenye duka alinikaribisha chai, akaniambia tulikubaliana mavuno yote, ya juu na ya chini, na kwamba akimruhusu mmoja watakuja mia. Mimi mwenyewe ni mfanyabiashara. Nilimaliza chai, nikarudi Gombani.

Mama hakuwahi kunitajia jambo hilo. Nilimtaka ahamie kwangu Gombani, kwenye nyumba yenye kiyoyozi, akasema baridi ya mashine inamwingia mifupani. Alinunua jamvi jipya msimu ule, kwa mazoea tu, likakaa limekunjwa nyuma ya mlango.

Alifariki wakati wa masika. Wanangu walikuwa katikati ya mitihani, na mtihani wa binti ulikuwa ule wa kuamua kama ataendelea na madarasa ya juu. Nilipiga simu skuli, nikazungumza na mkuu, nikaomba wasiambiwe. Mama alizikwa siku ileile, kama desturi yetu, na mvua ilinyesha kaburini. Baada ya mitihani nilikwenda mwenyewe kuwachukua. Niliwaambia kwenye gari. Mvulana alilia, kisha akaacha. Binti hakulia. Aligeuka akakaa ananielekea.

"Baba, ulinifunza kumtazama mtu," alisema. "Nitazame, uniambie bibi alizikwa lini."

Nikamtazama, nikamwambia.

Alifaulu mtihani ule, tena kwa alama za juu, na akaendelea mpaka akamaliza. Mdogo wake sasa anasomea uhandisi Uturuki. Kiingereza chake ni cha kusikilizwa na waziri, ila Kiswahili chake kimeingia matundu. Biashara yangu nayo ilikua. Waya wa umeme ulipovuka bahari kuja Pemba nikaachana na jenereta, nikajenga vyumba vya baridi kwa watu wa hoteli na wa samaki. Waliosema sitaweza walikuwa wakinunua barafu kwangu.

Siku ya kulipa niliwalipa wote kwa siku moja, kwa gari yangu. Nilianzia Chokocho. Shemeji alilowesha kidole, akahesabu, akarudia. "Basi, umeweza, yakhe," alisema. Neno lile nililingoja miaka mingi, na nilipolipata lilikuwa jepesi kuliko nilivyodhani. Nikaenda Wete. Mwenye duka alikuwa amepofuka jicho moja, mwanawe ndiye aliyepokea. Karatasi yetu iliraruliwa mbele yangu, na mlinzi akaambiwa aondoke Kiuyu siku ileile.

Deni la mwisho lilikuwa la miti yenyewe. Nilimchukua binti yangu, aliyekuwa amerudi nyumbani, tukaenda shambani kwa bibi yake. Ulikuwa msimu. Nilimwambia miti imerudi, na kuanzia leo ni yake yeye, nami nitamwandikia hati, kwa sababu mama aliitoa kwa ajili yake kama alivyoitoa kwa ajili ya ndugu yake. Nilimwambia pia kwamba hakuna mtu chini ya jua anayenidai.

Hakunitazama. Alivua viatu vyake vya mjini, akakusanya pindo la kanga, akainama chini ya mti wa kwanza, macho ardhini, akaanza kuokota zilizopukutika. Aliokota mti hadi mti, taratibu, mpaka pindo likalemea, na hakuna aliyemfukuza.