Surutia za Nashipai

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya serikali ya Karatu, miaka ya sabini, Fundi Mkuu alinipa nyundo kabla hajaniuliza jina. Alikuwa Mwiraqw wa Qurus, mfupi, mwenye sauti nzito. Nilipomwambia natoka Engaresero, na kwamba wazee wangu ni ilkunono, ukoo wa wafua chuma miongoni mwa Wamaasai, alicheka.

"Basi umezaliwa na kazi. Hapa chuma hakiulizi ukoo, bwana."

Alinifundisha kuusoma moto. Vipuri vilikuwa adimu, kwa hiyo pini za matrela na majembe ya plau tulifua wenyewe kutoka kwenye springi kuukuu za malori. Chuma chekundu bado kibishi, ukikilazimisha kitapasuka. Ngoja kiwe cha manjano kama ndizi mbivu, ukiweke juu ya fuawe, upige upesi. Kikirusha cheche nyeupe kimeungua, kitupe. Ukishapata umbo unakipasha tena na kukizamisha katika mafuta machafu ya injini ili kiwe kigumu, halafu unakirudishia joto kidogo kisije kikakatika. Vijana wa leo mnaunga kwa welding na kusema mmemaliza. Hovyo!

Miaka ya themanini ilipoanza nilihamishiwa Wasso, chini ya Msimamizi wa Karakana, mtu wa Mbulu, mkali wa maneno lakini mwenye huruma. Huko wafugaji walileta mikuki na kengele za ng'ombe, na kabla ya kupokea kitu kutoka mkononi mwangu walijipaka mafuta viganjani, maana mkono wa mfua chuma una mkosi. Hakuna aliyenitukana. Ilikuwa desturi tu, na iliniuma.

Nashipai, aliyetuletea maziwa asubuhi, hakujipaka chochote. Alinipa kibuyu mkononi, akanitania kwamba nanuka moshi kuliko kibuyu chenyewe kilichofukizwa. Tulipendana. Baba yangu alikuwa ameshafariki, hivyo Msimamizi akakubali kwenda kuniposea.

Baba yake alitupa chai, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mzee mwenzangu, kijana wako simdharau. Mkuki nitanunua kwake mpaka nife. Binti, hapana."

"Huyu ni mtumishi wa serikali!" Msimamizi alisema.

"Mkosi ukiingia, serikali haitakuja bomani kwangu kuzika watoto."

Nashipai akaposwa na mtu wa Ngorongoro, kule juu. Kabla ya harusi mama yake alikuja karakana na waya wa shaba. Alitaka surutia, mapambo ya kuzungushwa ambayo mwanamke aliyeolewa huning'iniza masikioni.

"Ero, kijana, hakuna mwingine huku anayejua," alisema, bila kuniangalia.

Nilitaka kukataa. Lakini niliulainisha waya motoni, nikauponda, nikauzungusha, nikausugua mpaka ukang'aa, kwa sababu sikutaka Nashipai avae kazi mbaya. Mama alipoziona alilia. Kisha akajipaka mafuta kiganjani, akazipokea.

Sikuoa. Nilistaafu na redio na mgongo mbovu, nikarudi Karatu. Watoto wa ndugu zangu sasa wanaoa wanakopenda, nami nacheza harusini kwao, kisha nikifika nyumbani hasira hunishika na sina wa kumkasirikia.

Mwaka juzi nilisikia Nashipai amefariki. Nilivaa koti nikaenda stendi kupanda gari la Ngorongoro.

"Babu, safari ya wapi?" utingo aliniuliza.

"Msibani."

"Pole sana. Marehemu ni nani wako?"

Gari likajaa, likaondoka. Mimi nilikuwa bado nimesimama pale, natafuta jibu.