Siwema na Kaneno Kenye Sauti Mbili

Sisi tuliosoma Kalemie nchi ingali Zaire, mwalimu tulimwita sitwayeni, yaani raia, na Kiingereza tulikijua kupitia mdomo wake tu. Wetu, Sitwayeni Mulongo, alikuwa mpole, suruali imepigwa pasi ya makaa. Kale kaneno "the" kanakotangulia majina ya vitu alikatamka "ze". Ze fish, ze orenji. Darasa zima tukaimba ze.

Ndipo Siwema, binti wa mama yangu mdogo, alipovuka ziwa kutoka Kigoma kuja kuishi kwetu. Siku ya kwanza akasoma ubaoni: "Dha fish." Halafu, "Dhi orenji." Tulicheka mpaka madawati yakalia.

"Neno ni moja, Siwema," mwalimu akasema. "Chagua sauti moja."

Akakaa, akajifunika uso kwa mikono. Mchana hakugusa bukari, ugali wetu wa kule, wala samaki wa mikebuka. "Mimi kule sirudi," alimwambia mama.

"Utarudia, mutoto wangu," mama akajibu. "Kucheka hakuuwi muntu."

Mimi nilibaki na swali. Siwema hakuwa mwongo. Mbona neno moja alitamke kwa sauti mbili? Nikamwomba Papa, baba yangu, redio yake, naye akatutafutia stesheni ya Kiingereza. Tukalala kifudifudi juu ya mkeka, masikio karibu na spika. Habari zenyewe hatukuzielewa, tulivizia kaneno tu. Dha. Dha. Dhi! Siwema akanifinya mkono. Tukaanza kujaribu kila kilichokuwa uani ambacho tulijua jina lake: mbuzi, dha gouti; moto, dha faya; yai, dhi eg. Kumbe neno lifuatalo likianza na sauti ya a, e, i, o, u, kaneno kanabadilika ili ulimi upite vizuri. Siwema mwenyewe alishangaa. Alikuwa akisema hivyo bila kujua kwa nini.

Kesho yake, Siwema akiwa kando yangu darasani, nilinyoosha kidole nikaeleza. Mwalimu akamwambia Siwema, "Soma tena, mama, polepole." Akasikiliza, akaweka ulimi katikati ya meno, akajaribu, mate yakaruka mpaka dawati la mbele. Alicheka yeye wa kwanza.

"Miye nilifundishwa na Mubelgiji," akasema. "Njo vile na yeye alisema. Sasa tujifunze wote."

Siwema naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu afike. Tangu siku hiyo hakukosa shule.

Leo binti yangu akitaka kujua neno linatamkwaje, anauliza simu, nayo inamjibu kabla sijavaa miwani. Anatamka vizuri kuliko sisi sote, sikatai. Ila juzi nilimwambia tuketi tubahatishe kwanza, yeye na mimi. Akaniangalia kwa huruma. "Mama, ya nini kubahatisha? Jibu si liko hapa?"

Nilitamani tu angekuwa na mtu wa kumfinya mkono, kama Siwema alivyonifinya mimi siku ile juu ya mkeka.