Mfungo wa Atalelech

Wifi yangu Atalelech alikuwa na sifa mbili hapa mjini Gondar: injera zake, mikate yetu mipana ya unga uliochachushwa, zilikuwa laini kuliko zote mtaani, na hakuna aliyemshinda kwa kufunga. Kwaresima sote tunafunga. Nyama, maziwa na mayai tunaviaga, na hatutii kitu kinywani mpaka mchana ukolee. Lakini yeye, tangu afiwe na mumewe, alijiongezea. Alifunga hata siku ambazo kanisa lenyewe limempumzisha, akala mara moja tu jioni, na juu yake kahawa nyeusi. Akipanda kilima cha kanisani alisimama kila baada ya nyumba mbili tatu, mkono kifuani, midomo imepauka.

“Uzee huu, wifi,” alikuwa akiniambia.

Uzee wapi! Mimi nimemzidi umri, na kilima kile nakipanda huku nasengenya watu.

Mwaka wa pili wa korona, katikati ya Kwaresima, alianza kukohoa. Tulidhani ni moshi wa jikoni. Siku aliposhindwa kumaliza sentensi, kaka yake, yaani mume wangu, alimbeba mgongoni hadi barabarani tukampeleka hospitali. Nikakubaliwa kubaki naye kumuuguza, barakoa mbili usoni.

Daktari Selamawit, binti mdogo mwenye macho mekundu kwa uchovu, alimvuta kope la chini akalitazama. Baadaye majibu ya damu yalipotoka, akaja kukaa kitandani.

“Mama, hewa tunakupa kwa mpira huu. Lakini kinachoibeba hewa mwilini ni damu, na wewe damu huna. Korona imeikuta imekwisha zamani.”

“Kwa hiyo hii si korona?” nikauliza.

“Ni korona. Na hilo lingine pia. Hayuko peke yake, karibu nusu ya waliolala humu nikiwapima nakuta damu pungufu. Huyu minyoo, yule kuzaa mfululizo, mwingine malaria, mwingine chakula. Wanaiogopa korona, na hili wameishi nalo miaka bila kulijua.”

Mume wangu akatoa damu, wifi akaongezewa, rangi ikamrudia kidogo. Kisha daktari akaandika vidonge vya kuongeza damu, vinywewe asubuhi pamoja na chakula, na mayai ya kutia nguvu, kwa sababu mabucha yetu yote yalikuwa yamefungwa kwa Kwaresima. Nikayachemsha nyumbani nimefunga madirisha kama mwizi. Atalelech akayatazama, akageukia ukuta.

“Mchana ukifika nitakunywa dawa. Mayai sili.”

“Daktari amesema asubuhi! Unataka ufe?”

“Basi nitakufa nimefunga, wifi. Usinipigie kelele.”

Siku ya pili hivyohivyo. Ya tatu alikuwa hawezi hata kuinua kikombe, na daktari akanivuta pembeni akaniambia kwamba damu ile ya kuongezewa haitamshikilia asipokula. Nilikasirika. Mwanamke niliyemzoea kuliko dada zangu wa tumbo moja alikuwa anaondoka, na dawa ipo mezani.

Aliyeweza kumfungulia mfungo alikuwa mmoja tu: baba yake wa toba, kasisi anayemuungamisha, Abba Merawi. Sikwenda mbali kumtafuta. Alilazwa chumba cha wanaume, ng'ambo ya ukumbi, kwa korona hiyohiyo.

“Mgonjwa hafungi,” Abba akasema, pumzi zikimkatika. “Mwambie nimemfungulia. Ale.”

Nikarudi mbio. Atalelech akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Yeye amekula?”

Nilitaka kudanganya, nikashindwa. Nilikuwa nimeyaona mayai ya Abba mezani kwake, hayajaguswa, na mkewe, maana makasisi wetu huoa, kando yake anajifuta machozi kwa shuka jeupe alilojitanda.

“Kama yeye hajala,” wifi akasema, “mimi ni nani?”

Nikamrudia mzee, safari hii bila adabu. “Abba, anauliza kama wewe umekula.”

“Mimi ni mtumishi wa madhabahu, mwanangu. Tangu utoto sijavunja.”

“Damu yako ni pungufu kama yake, Abba,” akasema Daktari Selamawit, aliyekuwa akipima wagonjwa hapo.

Mzee akafumba macho. Kisha akasema, “Nisukumeni huko.”

Tukamsukuma na kitanda chake, mtungi wa hewa ukifuata nyuma, mpaka mlangoni kwa wanawake. Akaomba yai. Alilimenya mwenyewe, akalila lote huku machozi yanaingia kwenye ndevu.

“Umeona, Atalelech? Malipizi yako ndiyo haya: utakula kila asubuhi mpaka Pasaka. Ukikataa, mimi nimekula bure.”

Wifi akanyoosha mkono. Alitafuna polepole, akilia kama mtoto, nami nililia kuliko wote wawili.

Yeye alipona. Abba Merawi alifariki wiki moja kabla ya Pasaka, mapafu yake yalikuwa yameshachoka.

Maneno yakatangulia mazishi. Siku ya arobaini, tulipokusanyika nyumbani kwake kula chakula cha kumkumbuka, wanawake walikuwa wakinong'ona waziwazi: mzee mzima, maisha yote madhabahuni, na amekufa amevunja Kwaresima. Mmoja akasema afadhali angekufa mapema. Mjane alikuwa anawasikia, akiendelea kugawa injera.

Atalelech, ambaye hajawahi kupaza sauti hadharani, akasimama.

“Alikula kwa ajili yangu,” akasema. “Mimi ndiye niliyemlazimisha. Kama ni dhambi, ni yangu, msimtwike maiti.”

Mjane akaacha kugawa. Akachukua sahani ya kwanza ya nyama, ile iliyowekewa makasisi, akaipita meza yao na kuja kuiweka mbele ya wifi yangu.

“Kaa ule, mwanangu,” akamwambia. “Kula nikuone.”