Saa Nilizomdanganya Bi Mwanaidi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hadi uzee huu bado inanirudia. Mwingereza alikuwa angali akitawala, nami nilikuwa kijana najifunza utabibu katika hospitali moja hapa Dar es Salaam. Nilipanga chumba Temeke. Wazazi walikuwa wameshafariki, na pale mtaani sikuwa na ndugu wala rafiki.

Bi Mwanaidi, muuguzi wa siku nyingi, ndiye aliyeandika saa zetu sisi wanafunzi: umeingia lini, umetoka lini, umelala kiasi gani. Wenzangu walilalamikia zamu ndefu. Mie nilizitafuta. Aliyetaka kwenda kwao nilimshikia zamu, na Bi Mwanaidi akiniuliza, namwambia nimelala vizuri. Naye anaandika. Wodini, unajua, kulikuwa na watu wa kuniita kwa jina.

Siku hiyo ilikuwa ya tatu sijalala ipasavyo. Asubuhi nilimchoma sindano ya kwinini Mzee Shomari, hamali wa bandarini aliyelazwa kwa malaria kali. Nikasahau kuiandika kwenye karatasi yake. Kabla ya adhuhuri nikamrudia na sindano nyingine.

"Kijana, si umeshanichoma?" akauliza.

"Bado, mzee," nikamjibu, na wallahi nilikuwa na hakika.

Hakufa. Lakini kwinini ikizidi huharibu masikio; homa ilipomwacha, alikuwa hasikii tena, na hakusikia mpaka mwisho wa maisha yake.

Bi Mwanaidi alinikuta nimekaa nje ya wodi. Hakupandisha sauti.

"Ungenieleza ukweli, ningekurudisha nyumbani."

"Nyumbani hakuna mtu, Bi Mwanaidi."

Akaketi kando yangu. "Basi ungenieleza hilo. Wagonjwa hawakuja hapa kukuondolea upweke."

Baadaye nilikwenda nyumbani kwa Mzee Shomari kumwomba radhi. Alinitazama midomo, akatabasamu, akanimiminia kahawa. Alidhani nimekuja kumjulia hali. Nikarudia kumwomba radhi mara tatu, kisha nikanywa kahawa yake, nikaondoka. Sijui kama aliwahi kuelewa.

Mwanangu, wewe unayeanza kazi hii, ukiulizwa saa zako sema kweli, hata kama hakuna atakayekukagua. Mtu aliyechoka sana hujiona yuko sawa. Ndiyo maana anahitaji jicho la mwingine. Ukiambiwa kapumzike, nenda. Na kama unachokimbia ni ukimya wa chumba chako, njoo ukae nami, au kaa na jirani. Usiupeleke kitandani kwa mgonjwa.

Mwenyezi Mungu akutulizie mikono, akupe usingizi mwema, na mtu wa kukufungulia mlango kila urudipo.