Mzigo wa Majani Uliobaki Nje ya Picha

Siku ya kwanza kazini nilipewa rula, penseli nyekundu ya nta na onyo. "Binti," Mhariri wa Picha aliniambia, "penseli hii ina nguvu kuliko hakimu. Ukichora mstari, kilicho nje ya mstari hakikuwepo." Nikacheka, nikidhani anamtania mgeni.

Ofisi ya gazeti letu la wiki ilikuwa mtaa wa Daraja Mbili, juu ya duka la vipuri. Chumba cha giza, tulikosafishia picha, kilikuwa na harufu kali ya dawa iliyonifuata hadi nyumbani kwangu, mtaa wa Sakina. Jamani, naikumbuka harufu ile hadi leo, na ningepewa nafasi ningerudi kuivuta. Nyie mnakata picha kwa vidole viwili kwenye simu. Sisi tulichora mstari juu ya picha yenyewe, mtu wa mitambo akaufuata. Kukata ni kuamua msomaji aone nini, na nilikuwa hodari, nasema mwenyewe. Mlima Meru nimeukata kilele mara nyingi tu, ili tangazo la sabuni lipate nafasi.

Basi wanawake wa mlimani wakaandamana. Mwenye shamba kubwa alikuwa ameziba mfereji wao wa maji, migomba na kahawa inakauka. Waliteremka hadi ofisi ya wilaya wakitoka moja kwa moja kukata majani ya ng'ombe, maana ng'ombe hajui habari ya maandamano. Wakatua mizigo ya majani chini, miundu bado mkononi, wakaimba nyimbo za kanisani. Mpiga picha wetu alileta picha nzuri sana, na mbele kabisa alisimama Mama Anaeli, aliyewaongoza.

"Punguza chini," Mhariri Mkuu akaniambia. "Nafasi ni ndogo."

Nikachora mstari. Majani yakaondoka, ikabaki miundu na midomo wazi. Juu yake akaandika: WANAWAKE WENYE SILAHA WAVAMIA OFISI.

"Mzee, lakini walikuwa wanaimba."

"Picha haina sauti, binti. Na nyimbo haziuzi gazeti."

Kweli liliuzwa lote. Wiki hiyo hiyo mikutano ya mfereji ikapigwa marufuku, na Mama Anaeli akakamatwa kwa kuongoza watu wenye silaha. Ushahidi ulikuwa ukurasa wetu wa kwanza. Niliona aibu, kwa sababu mstari ule niliuchora mimi.

Negativu, yaani filamu yenye picha kamili, ilikuwa mali ya ofisi. Niliichukua bila kuomba, nikasafisha picha nzima, nikampelekea wakili wa Mama Anaeli. Mahakamani hakimu aliitazama kwa muda.

"Haya majani ni ya nini?"

"Ya ng'ombe wangu, mheshimiwa," Mama Anaeli akajibu. "Siku ile alichelewa kula."

Watu wakacheka, na hakimu naye akatabasamu. Akamwachia huru. Mimi nikapewa barua ya onyo na kuhamishiwa meza ya matangazo. Nilikaa huko hadi kustaafu, na sijutii hata siku moja.

Mwaka huu nilipanda mlimani kumpelekea Mama Anaeli ile picha nzima, nimeitia fremu. Amezeeka, lakini macho ni yale yale. "Shikamoo, mama." Akaitikia, akanipa loshoro, chakula cha ndizi na maziwa mgando, bakuli mpaka juu. Nikamuuliza habari ya mfereji.

"Sijui waliamua nini, mwanangu. Vikaoni sikurudi tena."

Jioni akainuka kwenda kukata majani, nikamsindikiza. Kabla ya kutoka getini alivua khanga ya begani, akauviringisha mundu ndani yake, akaufunga vizuri kama anayemfunga mtoto.

"Mama, mbona unauficha?"

"Njiani kuna watu wenye simu," akasema, akatangulia.