Sweta la Mwalimu wa Hesabu

Mimi walimu siwapendi. Kaka zangu walisomeshwa kwa mahindi niliyolima mimi, wakarudi na ualimu wao wakanicheka. Lakini huyu wa hesabu namtazama kila ninapopita dirishani na ndoo ya uji wa shule. Baridi ya Juni hapa Makambako humfanya avae sweta pana la sufu alilofuma mwenyewe, na huongea polepole, akimwomba samahani hata mtoto aliyemkanyaga yeye. Tangu uletwe ule ubao wa umeme unaoandikwa kwa kidole, sweta limemponza. Ubao hautofautishi kidole na sufu ya mikono ya sweta inayougusa. Akichora mstari mmoja, inatokea mitatu. “Madamu, sweta nalo linafundisha!” watoto hucheka, naye hufuta, anaanza upya. Mwalimu mkuu alimwonya kwamba akishindwa hadi Ijumaa, darasa atapewa mwingine.

Ijumaa nilimkuta amelivua. Mikono mitupu ilikuwa imemsisimka kwa baridi na meno yalimgongana, lakini pembetatu ilitulia ubaoni. Alimwita Oktavia, aliyekuwa akicheka kuliko wote. “Njoo uivute kona hii. Usiogope, mimi nimekosea wiki nzima.” Oktavia aliivuta, pembetatu ikatanuka, darasa zima likasimama kutazama.

“Inatosha, Mwalimu, darasa ni lako,” mwalimu mkuu alisema mlangoni. “Vaa sweta usije ukaugua.”

“Somo halijaisha,” alijibu bila kugeuka. “Kaa hapo nyuma.”

Mwalimu mkuu akaketi kwenye dawati la watoto, magoti yakimkaribia kidevu.